Ndege wa majini wa Malagarasi: unachopaswa kujua kabla ya kuwinda au kununua nyama

Kama unaishi kambini Kigoma au katika vijiji vya Kasulu na Kibondo, huenda umewahi kuuziwa bata mwitu kwa bei nafuu. Kabla ya kulipa, soma hapa.

Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi ina ukubwa wa kilomita za mraba 32,500. Mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza Tanzania kuingia katika orodha ya Ramsar, yaani maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ndani yake kuna Pori la Akiba la Moyowosi. Kuingia humo bila kibali ni kosa, hata kama hujaua kitu. Kwa mkimbizi makosa yanaweza kuwa mawili, kwa sababu kutoka kambini nako kunahitaji kibali.

Je, bata mmoja tu ni kosa?

Ndiyo. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wote ni mali ya umma, na ndege wamo. Nyama, manyoya na hata mayai huitwa nyara za Serikali. Wengi hunaswa hapa: hawakuwinda, walinunua tu. Ukikutwa na nyama hiyo, ni juu yako kuonyesha kwamba unaimiliki kihalali, na maneno ya muuzaji hayatakusaidia. Adhabu inaweza kuwa kifungo cha miaka mingi. Ukikamatwa, omba msaada wa kisheria kabla ya kutia saini maelezo usiyoyaelewa.

Kwa nini wanazuia, wakati ndege ni wengi?

Wingi huo unadanganya. Mabata wengi hupukutisha manyoya yote ya kurukia kwa wakati mmoja, na kwa wiki kadhaa hawawezi kuruka. Watu wachache wenye fimbo wanaweza kumaliza kundi zima. Wengine ni wageni wanaotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi. Yupo pia korongo nyangumi, yule mkubwa mwenye mdomo kama kiatu: hutaga mayai machache, na kwa kawaida kifaranga mmoja tu ndiye hukua. Ndiyo maana leseni ya uwindaji hutaja aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Mitego, sumu na kumulika kwa taa usiku ni marufuku.

Sumu ndiyo hatari kubwa jikoni

Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, wawindaji wamekuwa wakitega ndege wa majini kwa konokono waliotiwa dawa ya wadudu aina ya karbofurani, kisha kuwauza kwa ajili ya kuliwa. Usitegemee kwamba kupika kutaondoa sumu. Ndege asiye na jeraha wala alama ya kamba, muulize muuzaji amekufaje, akisitasita, ondoka.

Dalili za sumu hii ni mate na jasho jingi, kutapika, mboni za macho kusinyaa na kupumua kwa shida. Mwahishe mgonjwa kituo cha afya mara moja na useme wazi alikula nyama ya ndege. Ukificha, mhudumu anaweza kudhani ni ugonjwa mwingine. Ukikuta ndege wengi wamekufa majini, usiwaguse na usiwape mbwa. Toa taarifa ofisi ya kijiji, au kwa uongozi wa kambi.