Seoul Walibomoa, Sisi Tukajenga

Wasee, kabla tuongee kuhusu Expressway yetu, twendeni kwanza Korea Kusini.

Katikati ya Seoul kuna mto mdogo, Cheonggyecheon. Baada ya vita vya Korea, maskini walijenga mabanda kando yake na maji yakachafuka, fikiria Mto Nairobi ukipita Gikomba. Kuanzia 1958 serikali ikaufunika kwa zege. Kufikia 1976 kulikuwa na barabara nzima imeinuliwa juu ya hilo zege. Hayo ndiyo yalikuwa maendeleo. Lakini zege huzeeka. Miaka ya 90 nguzo zilikuwa zinaoza, ukarabati ni pesa ndefu, na jam iko palepale.

2003 meya Lee Myung-bak akaanza kuibomoa. Na si eti alikuwa mtu wa kukumbatia miti, aliwahi kuwa bosi wa kampuni ya ujenzi ya Hyundai! Wenye maduka waliandamana. Kila mtu aliuliza: hayo magari zaidi ya 100,000 kwa siku yataenda wapi? 2004 jiji likapanga mabasi upya, likayapa njia yao katikati ya barabara. Watu wengi wakaacha gari nyumbani. 2005 mto ukafunguliwa. (Sawa, maji mengi yanapigwa pampu kutoka Mto Han, hiyo si asili ya kweli. Lakini watu wanakaa hapo jioni wakiloweka miguu.)

Sasa sisi. 2022, miaka 19 baada ya Seoul kuanza kubomoa, tukafungua kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ukiwa na gari unafika JKIA haraka, hiyo siwezi kukataa. Lakini Januari 2024 kulipia gari dogo mwisho hadi mwisho kulipanda kutoka shilingi 360 hadi 500. Nani analipa hiyo kila siku? Wengi wetu Nairobi tunatembea ama tunapanda mathree, na mathree nyingi ziko huku chini, kwa jam, kati ya nguzo. Njia ya mabasi ya BRT tuliyoahidiwa kwa barabara hiyohiyo, bado tunangoja. Pesa ilipopatikana, wa kwanza kuinuliwa alikuwa mwenye gari.

Seoul waliacha nguzo tatu zimesimama mtoni kama kumbukumbu. Zetu ziko na mkataba wa miaka 27. Hesabu mwenyewe: hiyo ni karibu 2049.