Maji ya Moto na Joto la Nyumba: Mambo ya Kupanga Kabla ya Ukarabati

Katika maeneo ya nyanda za juu nchini, yakiwemo Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya na Lushoto, miezi ya Juni hadi Agosti huambatana na baridi kali, na baadhi ya maeneo hupata sakitu. Katika kipindi hicho baadhi ya kaya huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga milango na madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuua watu wakiwa usingizini. Ukarabati wa nyumba ni fursa ya kuachana na hatari hiyo, iwapo mipango itafanyika kabla ya lipu na vigae.

Hatua ya kwanza ni kukadiria mahitaji. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 30 za maji ya uvuguvugu kuoga, huhitaji lita 150 kwa siku. Yakichanganywa na maji ya baridi, lita zipatazo 85 za maji yenye nyuzi joto 60 hutosha. Kwa kuongeza matumizi ya jikoni, tangi la lita 100 hadi 150 linafaa.

Hatua ya pili ni kuchagua chanzo cha nishati. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi joto 15 hadi 60 hutumia takribani uniti 5.2 za umeme, sawa na zaidi ya uniti 150 kwa mwezi. Kiasi hicho pekee humtoa mteja mdogo wa majumbani katika kundi la bei nafuu lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi. Hita ya jua hupunguza gharama hiyo, huku umeme ukibaki akiba ya siku za mawingu. Kwa kuwa Tanzania ipo kusini mwa Ikweta, paneli huelekezwa kaskazini. Tangi la lita 200 likijaa hubeba maji yenye uzito wa kilo 200, hivyo fundi hana budi kukagua kenchi kabla ya kulipandisha. Penye sakitu, huchaguliwa mfumo unaotumia kimiminika kisichoganda.

Hita ya papo kwa papo ya wati 5,000 huvuta takribani ampea 22. Haipaswi kuunganishwa kwenye waya wa soketi za kawaida, bali hutengewa laini yake, yenye waya wa ethi na kifaa kinachokata umeme unapovuja. Kazi hiyo ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na vifaa viwe na alama ya ubora ya TBS. Hita ya gesi huwekwa nje ya bafu.

Mabomba ya maji ya moto yawe ya aina inayohimili joto, kama PPR, yafunikwe kuzuia upotevu wa joto, na yajaribiwe kwa shinikizo kabla ya kuzibwa ukutani. Tangi liwe na vali ya usalama. Maji yahifadhiwe kwa nyuzi joto 60 ili kudhibiti bakteria, lakini yachanganywe kabla ya kufika bombani, kwani joto hilo humuunguza mtoto kwa sekunde chache.

Kuhusu joto la vyumba, dari na kuziba mianya ya milango hutangulia kifaa chochote, kwa kuwa joto hupotea zaidi kupitia paa lisilo na dari. Anayehitaji moto wa kuni ajenge meko yenye dohani inayotoka juu ya paa, na chumba kiachiwe tundu la hewa.

Wananchi wanashauriwa kupata kibali cha halmashauri kabla ya kubadili jengo, na kupiga picha za njia za mabomba na nyaya kabla hazijafunikwa. Mtu akipata kizunguzungu, maumivu ya kichwa au kichefuchefu karibu na moto wa mkaa, atolewe nje mara moja na kupelekwa katika kituo cha afya. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba ya dharura 114.