Augustino na Pelagius: Shauri la Dhambi ya Asili



Leo, Dominika ya kwanza ya Kwaresima, mwaka A wa Liturujia, Mama Kanisa ametusomea habari za bustani ya Edeni, kisha sura ya tano ya Waraka kwa Warumi, ambamo Mtume Paulo anamweka Adamu upande mmoja na Kristo upande wa pili. Aya ya kumi na mbili ya sura hiyo ni fupi. Msomaji wa Misa huimaliza kwa pumzi moja. Lakini kwa sababu ya fundisho lililomo humo maaskofu zaidi ya 200 walikusanyika, Kaisari alitoa amri watu wafukuzwe mjini Roma, na Papa mmoja ikambidi aigeuze hukumu yake. Na mambo hayo, kwa sehemu kubwa, yaliamuliwa katika ardhi ya Afrika. Naomba tuyafuate kwa utulivu, kwa kuwa makatekista bado huulizwa swali lilelile lililowagawa watu wa siku zile: mtoto wa siku tatu ametenda dhambi gani hata abatizwe kwa maondoleo ya dhambi?

Mtu aliyelichochea swali hilo aliitwa Pelagius, mzaliwa wa kisiwa cha Britania, aliyeishi Roma mwishoni mwa karne ya nne. Hakuwa padre. Alikuwa mtu wa kufunga na kusali, mshauri wa roho kwa familia kubwa za Kikristo za mji ule. Yafaa tumpe haki yake, maana wengi humtaja kama kwamba alikuwa mlegevu, na kumbe alikuwa kinyume kabisa. Tangu mwaka 380 Kaisari Theodosius alipoiamuru imani Katoliki iwe dini ya dola, watu waliingia kanisani kwa wingi, wengine wakiwa na Ukristo wa jina tu. Walipoonywa walijitetea kwa udhaifu wa mwili. Pelagius alichukizwa na utetezi huo. Mungu ni mwenye haki, alisema, naye haamuru lisilowezekana. Ikiwa mtu hawezi kuliepuka jambo, basi si dhambi, na ikiwa ni dhambi, basi aliweza kuliepuka. Siku moja askofu mmoja alimtajia maneno ya kitabu cha Maungamo, pale ambapo Augustino anamwomba Mungu amjalie yeye mwenyewe nguvu ya kutimiza kila anachomwagiza. Pelagius hakuweza kuvumilia, nusura wagombane. Alihisi kwamba sala ya namna hiyo inamfundisha mtu kukaa na kungoja.

Augustino, kwa upande wake, alikuwa ameyajua mambo haya mwilini mwake kabla ya kuyaandika. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, mji uitwao leo Souk Ahras nchini Algeria. Alipokuwa mtoto aliugua sana, na mama yake, Mtakatifu Monika, akaanza kuandaa ubatizo wake; mtoto akapona, ubatizo ukaahirishwa. Ndivyo wazazi wengi walivyofanya enzi zile, kwa hofu kwamba dhambi za baada ya ubatizo ni nzito zaidi, tena kitubio cha hadhara kilitolewa mara moja tu katika maisha. Akiwa na miaka 16 aliiba mapeari pamoja na wenzake, wakati nyumbani alikuwa na mapeari mazuri kuliko yale; mengi waliwatupia nguruwe. Hakuiba kwa njaa, aliiba kwa kupenda kuiba. Baadaye alitamani kwa miaka mingi kuacha uzinzi, akashindwa, akaahirisha, akashindwa tena, mpaka Mtakatifu Ambrosi alipombatiza Milano katika mkesha wa Pasaka wa mwaka 387. Pelagius angemwuliza mtu kama huyu: kwa nini usiache mara moja? Augustino alikuwa amejiuliza swali hilo kabla yake, akilia.

Mnamo Agosti 410 Alaric na jeshi lake waliuteka Roma. Watu walikimbia kwa meli, na miongoni mwao Pelagius na mwanafunzi wake Caelestius walifika Afrika. Augustino anasimulia kwamba alimwona Pelagius mjini Karthago mara moja au mbili tu, kwa sababu wakati huo alikuwa ameshughulika na mkutano mkubwa wa kuwarudisha Wadonati katika umoja. Wawili hawa hawakupata kamwe kuketi pamoja wakazungumza. Jambo hilo hunisikitisha kila ninapolisoma.

Pelagius alisafiri hadi Palestina. Caelestius alibaki, akaomba upadre Karthago, na hapo shemasi Paulinus wa Milano akamshtaki. Alidaiwa kufundisha kwamba Adamu angekufa hata asingetenda dhambi, kwamba dhambi yake ilimdhuru yeye peke yake, na kwamba watoto wachanga huzaliwa katika hali ileile aliyokuwa nayo Adamu kabla ya kuanguka. Alipoulizwa kama watoto wabatizwe, alikubali kwamba wabatizwe. Wapendwa, hapo ndipo Waafrika walipompatia. Hawakuanza na falsafa, walianza na ibada. Kanisa lilimpungia mtoto mchanga pepo, likampulizia, likambatiza kwa maneno yaleyale ya maondoleo ya dhambi. Je, Kanisa lilikuwa likifanya mchezo juu ya kitoto kile? Ikiwa mtoto hana la kuokolewa nalo, basi Kristo si Mwokozi wake, na hilo hakuna mama Mkristo aliyethubutu kulisema.

Kesi haikwenda kwa njia iliyonyoka. Mwaka 415 Pelagius alihojiwa Yerusalemu, ambako mshtaki wake, padre Orosius, alisema Kilatini mbele ya askofu msema Kigiriki, na mkalimani akawa katikati. Mnamo Desemba mwaka uleule maaskofu 14 walikutana Diospolis. Washtaki hawakutokea, Pelagius akayakana mafundisho ya Caelestius, akaachiliwa. Maaskofu wa Afrika waliposikia walifanya sinodi mbili mwaka 416, Karthago na Milevis, wakamwandikia Papa Inosenti I. Papa aliwaunga mkono Januari 417, akafariki Machi. Mrithi wake, Zosimo, alipokea ungamo la imani la Pelagius na kumsikiliza Caelestius ana kwa ana, akaridhika nao, akawalaumu Waafrika kwa haraka yao. Waafrika walimheshimu Baba Mtakatifu, lakini hawakurudi nyuma. Tarehe 30 Aprili 418 Kaisari Honorius aliamuru wafuasi wa Pelagius wafukuzwe Roma. Kesho yake, Mei mosi, mtaguso wa Karthago ulitoa kanuni zake. Na katika miezi iliyofuata Zosimo naye aliandika barua ya kuwahukumu. Maaskofu 18 wa Italia walikataa kutia sahihi. Ule msemo maarufu kwamba Roma imekwisha sema na shauri limekwisha, ambao watu humwekea Augustino mdomoni, haumo katika hotuba zake kwa maneno hayo. Alisema jambo la karibu na hilo mwaka 417, na kumbe shauri lilikuwa bado halijaisha. Baada ya mwaka 418 Pelagius anatoweka katika historia. Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 uliithibitisha hukumu dhidi ya Caelestius na wenzake.

Hapa katekista makini ataniuliza juu ya aya yenyewe. Augustino alisoma Biblia ya Kilatini, na katika Kilatini aya ile yaweza kueleweka kwamba ndani ya Adamu wote walitenda dhambi. Kigiriki cha Paulo, na tafsiri zetu za Kiswahili zikikifuata, husema kwamba kifo kiliwafikia wote kwa sababu wote walitenda dhambi. Tofauti hiyo si ndogo, wala hatuna sababu ya kuificha. Lakini fundisho halikuning'inia kwenye neno hilo moja. Aya ya kumi na tisa ya sura ileile yasema wazi kwamba kwa kutotii kwa mtu mmoja wengi walifanywa wakosefu.

Lililo zito zaidi kwetu katika Kwaresima hii lilitokea baadaye, mnamo mwaka 426 au 427, katika monasteri ya Hadrumetum, mji uitwao leo Sousse nchini Tunisia. Mmonaki mmoja, Florus, aliikuta barua ya Augustino juu ya neema, akainakili, nakala ikafika monasterini. Ndugu wakaisoma, wakagawanyika. Wengine walisema: kumbe hiari haipo tena. Wengine wakajenga hoja ambayo nakiri ni ya werevu: ikiwa mtu hutenda mema kwa neema tu, basi asiyetenda hajapewa neema, kwa nini mkuu wa nyumba amkaripie, badala ya kumwombea tu? Vijana wawili walitumwa Hippo kumwuliza mzee. Augustino, mwenye miaka zaidi ya 70, hakuwafukuza. Aliwakalisha hadi Pasaka, akawafundisha, akaandika vitabu viwili kwa ajili yao. Alijibu kwamba amri za Mungu zenyewe ni ushahidi wa hiari, kwa maana hakuna anayeliamuru jiwe. Neema haiuondoi utashi wa mtu, huuponya. Na karipio pia ni chombo cha neema: maumivu yake yaweza kumwamsha mtu atamani kubadilika na aanze kusali. Anayekataa kukaripiwa kwa kisingizio cha neema, kosa lake ni lake.

Tuseme kweli: Kanisa halikulipokea kila neno la Augustino. Katika vitabu vyake vya mwisho alisema juu ya kuchaguliwa kwa watu na Mungu kwa ukali uliowatia hofu wamonaki wa kusini mwa Ufaransa. Sinodi ya Orange ya mwaka 529, iliyoongozwa na Mtakatifu Sesari wa Arles, ilishika kwamba hata mwanzo wa imani ni zawadi ya neema, lakini ikalaani fundisho kwamba Mungu amempangia mtu yeyote uovu. Mtaguso wa Trento, mwaka 1546 na 1547, ulifundisha kwamba hiari yetu imedhoofika, haikuzimika. Na Katekisimu ya mwaka 1992 yaeleza kwamba dhambi ya asili ni hali tuliyoirithi, si tendo tulilolitenda. Kwa hiyo si laana ya ukoo inayotafutiwa mganga, wala si deni la babu fulani analolipishwa mjukuu.

Liko jambo moja ambalo Augustino alilishika kwa uchungu, nasi hatulazimiki kulishika pamoja naye. Alifundisha kwamba watoto wafao bila ubatizo huhukumiwa, ingawa kwa adhabu iliyo nyepesi kuliko zote. Karne zilizofuata zililainisha neno hilo. Katekisimu yawakabidhi watoto hao kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa hati ikieleza kwamba tuna misingi thabiti ya kutumaini kuwa wanaokolewa. Ndugu katekista, mama aliyemzika mtoto wake kabla ya kuwahi kumleta kanisani akija mlangoni pako, hilo ndilo fundisho la kumpa. Usimpe ukurasa wa Augustino.

Naye Augustino mwenyewe? Mwaka 430 Wavandali waliuzingira mji wa Hippo, ambao leo ni Annaba, na katika mwezi wa tatu wa mazingira hayo askofu akashikwa na homa. Possidius, askofu wa Calama, alikuwamo mjini, naye ndiye aliyetuandikia habari hizi. Augustino alikuwa na desturi ya kuwaambia rafiki zake kwamba hata Mkristo wa sifa njema, hata padre, asiondoke duniani bila kufanya toba ya kweli. Basi aliagiza zaburi chache za toba za Daudi zinakiliwe na kubandikwa ukutani karibu na kitanda chake. Siku kama kumi kabla ya kufa aliomba asiingie mtu chumbani, isipokuwa tabibu anapokuja au chakula kinapoletwa. Akalala akiutazama ukuta, akisoma na kulia, mpaka tarehe 28 Agosti.