Gugu maji: Macho ya wakazi ndiyo kinga ya kwanza ya mito

GUGU MAJI ni mmea unaoelea majini, ambao asili yake ni bonde la Mto Amazon, Amerika Kusini. Hutambulika kwa majani ya mviringo yanayong'aa, vikonyo vilivyovimba kama sifongo na maua ya zambarau. Lilionekana upande wa Kenya wa Ziwa Victoria mnamo 1990, na baadaye likaripotiwa katika Mto Athi, kwenye maporomoko ya Fourteen Falls karibu na Thika.

Hatari yake ni kasi. Palipo na joto na majitaka, eneo lililofunikwa huweza kuongezeka maradufu kwa muda wa majuma mawili hivi. Mbegu zake nazo hukaa matopeni miaka mingi. Fukusi walioachiliwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1990 walisaidia kulipunguza, lakini lilirejea baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006.

Thika na Ruiru haziko mbali, ila mito yake huelekea pande tofauti. Mto Thika, ukishapokea maji ya Chania, huteremka hadi Tana kwenye bwawa la Masinga, linalozalisha umeme. Maji ya Mto Ruiru huingia Athi, unaofika Bahari Hindi karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Chumvi ya bahari huliua gugu hili, lakini kabla ya hapo huweza kuziba mifereji na mitambo ya maji, kuwanyima samaki hewa na kuwaficha konokono wa kichocho.

Sheria ya Maji ya 2002, na ile ya 2016 iliyochukua nafasi yake, zinatambua vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Wanachama wanaojitolea wanaweza kukagua sehemu ileile ya mto kila mwezi, kuandika tarehe, mahali na ukubwa wa gugu, kupiga picha, kisha kuiarifu Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Miche michache hung'olewa pamoja na mizizi kabla ya kuchanua, ikaanikwa mbali na ukingo. Aidha, mimea ya mapambo isitupwe mtoni. Hata hivyo, majitaka yasipodhibitiwa, gugu litaendelea kulishwa. Miche kumi huondolewa kwa mikono asubuhi moja. Ekari kumi huhitaji mitambo na fedha za umma.