Mwali baridi

Mwaka 1817, mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alitia waya wa platini wenye moto katika mvuke wa etha. Gizani aliona mwanga hafifu ambao haukuunguza vidole. Wanasayansi huuita mwali baridi.

Ubaridi wenyewe ni wa kulinganisha tu. Mwali huu huzuka mchanganyiko wa hewa na mvuke wa hidrokaboni ukiwa na nyuzi mia chache za Selsiasi, ilhali mwali wa mshumaa hupita 1,000. Wapo wanaopendelea "mwako wa joto la chini". Mimi ningeuacha mwako uwe jina la kemia yote inayotendeka humo, na mwali uwe kile kinachoonekana: samawati iliyofifia, inayotokana na molekuli za fomaldehaidi, si masizi yang'aayo.

Kemia yake ni ya kustaajabisha. Radikali ya hidrokaboni, yaani kipande cha molekuli chenye elektroni isiyo na mwenzake, hudaka oksijeni ikawa peroksi. Joto likiwa la wastani, peroksi hupata nafasi ya kujikunja, ikanyofoa hidrojeni kwenye mnyororo wake yenyewe, kisha ikadaka oksijeni ya pili. Zao lake likivunjika, huacha radikali nyingi kuliko ile iliyoanza, nazo huendeleza kazi. Lakini kazi hiyo hutoa joto, na joto likizidi, ile oksijeni ya kwanza hubanduka kabla peroksi haijajikunja. Mmenyuko hupungua kasi. Moto huu, basi, hufifishwa na joto lake wenyewe!

Madereva wanaujua bila kuuona. Fundi akisema injini ya petroli inagonga, mara nyingi sehemu ya mchanganyiko ambayo moto wa plagi haujaifikia imepita hatua hii ya mwali baridi, kisha ikalipuka yenyewe. Heptani, yenye mnyororo ulionyooka, hujikunja kwa urahisi, ndiyo maana oktani yake, yaani kipimo cha kustahimili kugonga, ni 0. Isooktani yenye matawi hupewa 100.

Halafu kuna jaribio la Kituo cha Kimataifa cha Anga, lililotangazwa 2012. Matone ya heptani yaliwashwa, mwali wa moto ukazimika, lakini matone yakaendelea kupungua kwa kasi: mwali baridi ulikuwa ukiyala, wala haukuonekana kwa macho. Hapo wapenzi wa "mwako" wana hoja dhidi yangu.