Swali la Kabaka Mutesa

Wamisionari Waanglikana walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877. Padre Lourdel na Bruda Amans wakafuata mwaka 1879. Lourdel na Mackay wakabishana hadharani mbele ya mfalme, naye akashangaa: mbona kila mzungu ana dini yake? Wafuasi wao wakapachikwa majina ya “Wafaransa” na “Waingereza”, kana kwamba Kristo ana uraia. Hata hivyo, tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, vijana wa pande zote mbili walichomwa moto pamoja. Kabla ya miaka sita kutimia, Januari 1892, ndugu zao wakapigana kwa bunduki Mengo. Sisi Wakatoliki hupenda kumlaumu Lugard, aliyewapa Waprotestanti silaha. Lakini upande wetu nao haukuwa mikono mitupu. Swali la Mutesa nimeulizwa hapa Zagayu na mzee mmoja, ambaye hadi leo hajabatizwa.