Nakala, Jina na Riziki: Safari ya Uharamia wa Sanaa kutoka Kanda hadi Mtandao



Neno haramia lina ukoo mmoja na neno haramu. Watu wa pwani walilitumia kumtaja mnyang'anyi, hasa yule avamiaye vyombo baharini na kupora shehena ya wenyewe. Leo neno hilo limetoka majini, likaingia studio, madukani na hata ndani ya simu zetu. Tunasema "uharamia wa kazi za sanaa", nasi tunaelewana. Hata hivyo, yapo maneno mengine yanayotaja kitendo kilekile bila kumhukumu mtendaji: kunakili, kurudufu, kuchoma, kupakua, kurusha. Kijana amwambiaye mwenzake "nirushie huo wimbo" haoni hata chembe kwamba ameomba mali ya mtu. Katika nafasi iliyopo kati ya haramia na kurusha ndimo ilimo historia ninayokusudia kuisimulia, kwa sababu mwisho wake unamwangukia mtunzi wa maneno kuliko mtu mwingine yeyote.

Nakala iliyotulea

Wana ushairi hatuwezi kuilaani nakala moja kwa moja, maana ndiyo iliyotulea. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulitufikia kwa mikono ya wanakili. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, yalikaa vifuani mwa watu na katika karatasi zao kwa miongo mingi, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah na Mwingereza W. E. Taylor walipoyakusanya, na William Hichens akayatoa kuwa diwani mwaka 1940. Bila ya hao waliohifadhi na kunakili, Muyaka angebaki kuwa jina tupu.

Mbona basi hao hatuwaiti maharamia? Sababu ni mbili. Kwanza, jina la mtunzi lilisafiri pamoja na utungo. Watunzi wengi wa tenzi walilifuma jina lao, nasaba yao, na pengine mwaka wa utungo, katika beti za mwisho, hivyo kulifuta jina kulidai kuuvunja utenzi wenyewe. Pili, nakala haikumpunguzia mtunzi riziki. Hakuishi kwa kuuza karatasi, bali kwa biashara yake, shamba lake, au ukarimu wa waliomthamini. Mizani yetu basi ni hiyo: jina na riziki. Nakala isiyogusa viwili hivyo ni hifadhi. Inayoviondoa ni uporaji, hata kama mkono unaonakili ni wa rafiki.

Santuri, redio na kanda

Riziki ya msanii wetu ilianza kufungamana na nakala pale sauti ilipogeuka kuwa bidhaa. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodi, na santuri zao zikauzwa katika pwani yote. Santuri haikuwa rahisi kuibwa. Aliyetaka kuitoa nakala alihitaji kiwanda, na mwenye kiwanda anajulikana anapoishi.

Kanda ilibadili mambo hayo. Kampuni ya Philips iliitoa mwaka 1963, na kufikia miaka ya 1970 na 1980 redio kaseti ilikuwa imeingia majumbani mwetu. Ilipokuja ile yenye nafasi ya kanda mbili, kila mwenye duka dogo akawa na kiwanda chake mezani. Kanda moja halali ilizaa mia.

Tanzania Bara ilikuwa na hali yake ya pekee. Bendi zetu zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, na nyimbo zilihifadhiwa ili zitangazwe, si ili ziuzwe. Viwanda vya santuri vilikuwa Nairobi. Matokeo yake, msikilizaji aliyeupenda wimbo aliousikia redioni hakuwa na duka la kuununua kwa halali. Akaenda kwa fundi wa kanda, naye akamrekodia nyimbo alizozinasa hewani. Jambo hili tulikumbuke tunapotoa hukumu: uharamia wetu ulizaliwa na ukosefu wa soko halali kabla haujazaliwa na tamaa. Wala hatukuwaibia wenyeji peke yao. Nyimbo za Kongo zilizotuchezesha usiku kucha nazo zilirudufiwa mitaani mwetu, na mwenyewe asipate senti. Nairobi nako, kampuni kubwa za kigeni za muziki zikaanza kufungasha virago, na wizi wa kanda ukatajwa miongoni mwa sababu.

Wizi ulionenepesha lugha

Kisha ikaja kanda ya video, na hapa historia inatutega. Katika vibanda vya kuonyeshea filamu, ambavyo watu walivibatiza kwa mzaha "vibanda umiza", filamu za Hong Kong, India na Marekani zilionyeshwa bila idhini ya wenyewe. Watazamaji hawakuelewa lugha zake. Wakajitokeza mafundi wa kusimulia, na mashuhuri kuliko wote alikuwa marehemu Lufufu, aliyeweka sauti yake juu ya filamu za wageni na kuzigeuza ngano za Kiswahili, zenye mafumbo, vijembe na majina ya mitaa yetu.

Kwa mizani ya sheria, kanda hizo zilikuwa nakala zisizo na ruhusa. Kwa mizani ya lugha, zilikuwa sanaa mpya ya simulizi. Yote mawili ni kweli, na mpenzi wa lugha asikimbie moja kwa kuwa jingine linampendeza. Yatupasa lakini tuone kilichofuata. Mtazamaji aliyezoea kupata filamu ya mgeni kwa bei ya kanda tupu hakuona kwa nini alipe zaidi kwa filamu ya jirani yake.

Ndivyo ilivyokuwa filamu zetu zilipostawi katika muongo wa kwanza wa karne hii. Filamu ikikamilika, mtayarishaji aliiuza kwa msambazaji pamoja na haki zake zote, kwa malipo ya mara moja. Hakungoja mgawo wa kila nakala, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzihesabu nakala. Filamu moja ikakatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili iuzwe mara mbili kabla wezi hawajaifikia. Haraka ya kumpita mwizi ikawa sheria ya kazi. Waliolalamikia hadithi zilizorefushwa bila sababu na miswada iliyoandikwa kwa siku chache walikuwa wakiyaona, pasipo kujua, makovu ya uharamia katika mwili wa sanaa yenyewe. Mwizi wa nakala haibi fedha tu, huiba na muda wa kutunga.

Sheria iliyochelewa

Haisemwi kwamba serikali zililala. Tanzania ilikuwa na sheria ya hakimiliki tangu mwaka 1966, ikajiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1994, na mwaka 1999 ikatunga sheria mpya iliyoizaa COSOTA. Kenya ilitunga yake mwaka 2001, na Zanzibar mwaka 2003. Mwaka 2013 Tanzania ikaanzisha stempu za kodi kwa kazi za muziki na filamu, ili nakala halali ijulikane kwa macho.

Kasoro ya stempu haikuwa nia yake bali wakati wake. Kufikia mwaka 2009 nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari zilikuwa zimekwisha kutua Mombasa na Dar es Salaam. Santuri ndogo ya kuchoma ilikuwa njiani kuaga dunia. Stempu hubandikwa kwenye kasha. Haibandikwi kwenye wimbo unaorushwa kutoka simu hadi simu.

Mtandao na hesabu mpya

Duniani, kishindo kilianza mwaka 1999, programu iitwayo Napster ilipowawezesha watu kubadilishana nyimbo bila malipo. Mahakama za Marekani ziliifunga mwaka 2001, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguka. Kati ya mwaka 1999 na 2014 mapato ya muziki uliorekodiwa ulimwenguni yalishuka kwa takriban asilimia 40, ndipo yakaanza kupanda tena kwa huduma za kusikiliza kwa ada.

Kwetu mambo yalikwenda kwa mkondo wake. Wasanii wengi wa kizazi kipya waliona kwamba wimbo hauwezi kulindwa, wakaamua kuutoa bure. Waliupeleka wenyewe kwenye tovuti za kupakulia, ukaenea kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura, Lubumbashi na Maskati. Kisha wakalipwa kwa maonyesho, matangazo ya biashara na miito ya simu. Wengine wamefanikiwa sana, na Kiswahili kimepata wasikilizaji ambao hakuna shule ingeweza kuwafikia. Hoja hii wanayoitoa watetezi wa kugawana bure ina uzito, nami siipuuzi.

Ila tujiulize: ni nani aliyelipwa katika mpango huo? Ni mwenye jukwaa. Mwimbaji anaweza kuupoteza wimbo na bado akauza uso wake, sauti yake na mavazi yake. Mtunzi wa maneno hana jukwaa. Yule malenga anayeliandikia kundi la taarabu, yule mwandishi wa mswada wa filamu, yule mshairi ambaye beti zake zimetiwa sauti na mwingine, hao wote bidhaa yao ni moja tu, nayo ni maneno. Nakala ikikosa thamani, hawana kingine cha kuuza. Mchumia juani, wahenga walisema, hulia kivulini. Huyu amechumia juani na kivuli kikakaliwa na mwingine.

Hata huduma halali, kama Boomplay au Mdundo iliyoanzia Nairobi, hazitalimaliza jambo hili peke yake. Zinaweza kuhesabu kila wimbo unaposikilizwa, na hilo fundi wa kanda hakuliweza. Lakini hesabu humfikia aliyeandikishwa. Mtunzi ambaye jina lake halikutiwa pale wimbo uliposajiliwa atabaki nje ya hesabu, hata wimbo ukisikilizwa mara milioni.

Turudishe jina ndani ya ubeti

Mashairi yetu nayo hayakusalimika. Shairi hutumwa katika kundi la WhatsApp likiwa na jina chini yake. Likifika kundi la tatu jina limekatwa, likifika la tano limepata mwenyewe mpya. Mtunzi akidai, huambiwa, "Si umetoa bure?" Ametoa bure kusomwa, hakutoa bure kunyang'anywa.

Nawausieni mambo matatu. Mosi, tuirejee desturi ya watangulizi wetu: jina likae ndani ya ubeti, tena katika mizani na vina, si chini yake tu. Mwizi hukata mstari wa chini kwa kidole kimoja. Kulitoa jina lililofumwa katika kina kunamdai awe mshairi, na angekuwa mshairi asingeiba. Pili, anayempa mwimbaji maneno yake aandikiane naye, wala udugu usiwazuie, kisha ahakikishe jina lake limesajiliwa pamoja na wimbo. Tatu, sisi wasomaji tusimrushie mtu utungo usio na jina kabla ya kuuliza ni wa nani.

Wanakili wa zamani hawakuwa na sheria, mahakama wala stempu. Walikuwa na adabu ya kuandika mwisho wa karatasi kwamba maneno haya ni ya fulani bin fulani. Kwa adabu hiyo tunamjua Mwana Kupona hadi leo.